Sufuria ya Shule Isiwe na Mahindi Matupu

Na Afisa Ugani, Iyula

Wananchi wa Iyula, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, ni wakulima hodari. Ardhi yetu ni nzuri na mvua yetu si haba. Tunalima mahindi, kahawa, maharage, ndizi, viazi na matunda. Mavuno yetu hupakiwa kwenye magari na kwenda Mlowo, Vwawa, Tunduma na mbali zaidi.

Je, katika mavuno haya yote, mtoto wetu anapata nini shuleni inapofika saa sita mchana?

Shule nyingi za vijijini hupika uji wa mahindi, au ugali, au makande. Mara nyingi uji huo ni unga na maji tu, na sukari kidogo ikiwapo. Mara nyingi makande hayo ni mahindi mengi na maharage ya kuhesabu. Mtoto anakula na tumbo linajaa. Lakini kujaa tumbo ni jambo moja, na mwili kupata unachohitaji ni jambo jingine.

Ndugu msomaji, makala hii inaeleza namna ya kuboresha chakula cha shule kwa vitu vilivyomo mashambani mwetu. Jambo hili halihitaji kumsubiri mfadhili. Linahitaji hesabu, mkutano na jembe.

MIKOA YENYE MAHINDI, WATOTO WALIODUMAA

Watu wengi hudhani kwamba utapiamlo uko kwenye mikoa ya ukame tu. Sivyo. Mwaka 2022 Serikali ilifanya uchunguzi wa afya nchi nzima. Ilionekana kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni yule aliye mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya kukosa lishe bora na kuugua mara kwa mara.

Sasa tazama mikoa iliyoongoza. Iringa walikuwa watoto 57 hivi kati ya 100. Njombe walikuwa 50 hivi. Rukwa nako walikuwa 50 hivi. Hii ni mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, jirani zetu. Ni mikoa inayolisha nchi. Mkoa wetu wa Songwe walikuwa 32 hivi. Maana yake ni kwamba karibu mtoto 1 katika kila watoto 3 alikuwa amedumaa, katika mkoa unaouza mahindi.

Kwa nini? Sababu ni nyingi. Kuna maji machafu, kuna maradhi, kuna kazi nyingi za mama mjamzito. Lakini sababu moja kubwa ni hii: tunakula mahindi, mahindi, na tena mahindi. Vyakula vingine tunavilima, kisha tunaviuza.

Ni lazima tuseme kweli. Udumavu huanza mapema, tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka 2. Chakula cha shule hakiwezi kurudisha yote yaliyopotea. Hata hivyo, mtoto wa shule bado anakua. Bado anahitaji damu, misuli, mifupa na akili tulivu ya kusikiliza somo. Msichana aliyevunja ungo anahitaji madini ya chuma zaidi, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Kesho atakuwa mama. Akiingia kwenye uzazi akiwa na upungufu wa damu, yeye na mtoto wake wote wawili wamo hatarini.

MAHINDI YANA NINI, YAMEKOSA NINI?

Mahindi si chakula kibaya. Mahindi hutia mwili nguvu. Mtoto anayetembea kilometa nyingi kwenda shule anahitaji nguvu hizo.

Lakini mahindi yana upungufu. Protini yake ni kidogo, na haikukamilika. Protini ndiyo inayojenga mwili. Mahindi meupe hayana vitamini A, ambayo hulinda macho na kukinga maradhi. Chokaa ya kujenga mifupa ni kidogo sana. Madini ya chuma yaliyomo hayatoshi, na mwili hauyapati kwa urahisi.

Wazee wetu walifundishwa makundi matatu ya chakula: chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Mwaka 1975 redio na vikundi vya kusoma vilieneza mafundisho hayo nchi nzima katika kampeni iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Siku hizi wataalamu wetu wa lishe wanahesabu makundi sita:

1. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika.
2. Kunde, maharage, karanga na mbegu za mafuta.
3. Nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa.
4. Mboga.
5. Matunda.
6. Mafuta yenye afya.

Chukua sufuria ya shule iliyo karibu nawe, uhesabu. Ina makundi mangapi? Ikiwa ni moja tu, basi kuna kazi ya kufanya.

MAHARAGE NI JIRANI WA MAHINDI

Rafiki wa kwanza wa mahindi ni maharage. Kile kilichokosekana katika protini ya mahindi kimo katika maharage. Kile kilichopungua katika maharage kimo katika mahindi. Vikiliwa pamoja vinakamilishana. Wazee waliobuni makande hawakukosea hata kidogo. Kosa linakuja pale maharage yanapopunguzwa mpaka yanakuwa pambo.

Tufanye hesabu ya mtoto mmoja kwa siku moja. Mpe mahindi gramu 120 na maharage gramu 40. Katika mahindi hayo kuna protini gramu 11 hivi. Katika maharage hayo kuna protini gramu 9 hivi. Ona jambo hili: maharage ni robo tu ya chakula hicho, lakini yameleta karibu nusu ya protini yote. Pia yameongeza madini ya chuma.

Kwa hiyo kipimo ni rahisi kukumbuka. Kila vikombe 3 vya mahindi, tia kikombe 1 cha maharage. Mpishi asiyekuwa na mizani anaweza kutumia kikombe, bakuli au ndoo. Ndoo 3 za mahindi, ndoo 1 ya maharage.

HESABU YA MWAKA MZIMA

Shule zetu hufunguliwa siku 194 kwa mwaka. Tuzidishe.

Mtoto mmoja anahitaji mahindi kilo 23 na kidogo kwa mwaka. Debe moja la mahindi lina kilo 18 hivi. Kwa hiyo ni debe 1 na theluthi.

Maharage anahitaji kilo 8 hivi kwa mwaka. Hiyo haifiki nusu debe.

Mafuta ya kula, gramu 5 kwa siku, ni lita 1 na kidogo kwa mwaka.

Chumvi, gramu 3 kwa siku, ni nusu kilo na kidogo kwa mwaka.

Tuseme shule ina wanafunzi 400. Kila siku watapika mahindi kilo 48, maharage kilo 16, mafuta kilo 2, na chumvi kilo 1 na robo hivi. Kwa mwaka mzima watahitaji maharage gunia 31 za kilo 100.

Je, shamba la shule linaweza kutoa gunia 31? Tuseme shamba ni ekari 2, na kila ekari imetoa gunia 3. Jumla ni gunia 6. Zimebaki 25. Kwa hiyo shamba la shule ni msaada mkubwa na ni darasa zuri la kilimo, lakini haliwezi kubeba mzigo wote. Mzigo uliobaki ni wa wazazi.

"MAHARAGE NDIYO FEDHA YETU"

Hapa ndipo penye ugumu. Wazazi wengi wanakubali kutoa mahindi. Ukitaja maharage, mkutano unanyamaza. Sababu inajulikana. Maharage yana bei. Maharage hununua daftari, sare, sabuni na dawa, hasa wakati ambapo fedha ya kahawa haijafika. Mzazi mwenye watoto watatu shuleni atatoa kilo 24. Hiyo si kidogo. Mtu anayesema "ninashindwa" asichekwe.

Ushauri wangu ni huu. Usitoe maharage ya mtoto kutoka kwenye gunia la kuuza. Yalime mbali. Tenga kipande cha mtoto.

Kipande hicho ni kikubwa kiasi gani? Ekari moja ikitoa gunia 3, kipande cha meta 11 kwa meta 11 kitatoa kilo 9 hivi. Mtoto mmoja anahitaji kilo 8. Inabaki kilo 1. Meta 11 ni kama hatua 11 ndefu za mtu mzima. Simama shambani, tembea hatua 11, geuka, tembea hatua 11 nyingine. Hicho ndicho chakula cha kujenga mwili wa mwanao kwa mwaka mzima wa shule.

Ukiwa na watoto watatu, piga vipande vitatu, au kimoja cha hatua 19 kwa hatua 19. Wenye kahawa changa wanaweza kupanda maharage katikati ya mistari, mradi yasisonge mashina. Maharage pia huongeza rutuba ya udongo.

Weka alama ya kijiti. Mwambie mtoto, "Hiki ni chako." Siku za mapumziko akipalilie. Yakikauka, pukuchua, pima, peleka shuleni wakati huo huo wa mavuno. Ukingoja mpaka miezi ya mvua, maharage yatakuwa yameshauzwa au yameliwa na wadudu.

Chagua mbegu nzuri. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, mkoani Mbeya, kina wataalamu wa maharage wa miaka mingi. Siku hizi zipo mbegu za maharage zenye madini ya chuma na zinki kwa wingi kuliko za kawaida. Watu huyaita maharage lishe. Muulize afisa ugani wako akuelekeze mbegu inayofaa udongo wako.

VYAKULA VINGINE VILIVYO KARIBU

Mboga za majani. Majani ya maboga, mchicha, mnafu, matembele na kisamvu vina vitamini na madini ambayo mahindi hayana. Shule ya watoto 400 inaweza kujigawa katika siku 5. Kila siku watoto 80 wanaleta fungu moja moja. Kila mtoto analeta mara moja tu kwa wiki. Kiangazi mboga hupungua. Hapo ndipo bustani ya shule na bustani za mabondeni zinapofanya kazi. Mboga zikiwa nyingi wakati wa mvua, zikaushwe kivulini na kuhifadhiwa.

Ulezi. Wanyiha walilima ulezi miaka mingi kabla mahindi hayajatawala. Leo wengi wanaukumbuka kwa pombe tu. Ulezi una chokaa nyingi sana kuliko mahindi, nayo hujenga mifupa na meno. Uji wa ulezi, ukiongezwa maziwa au karanga zilizosagwa, ni chakula cha asubuhi kinachofaa sana.

Viazi lishe. Hivi ni viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Rangi hiyo ndiyo dalili ya vitamini A. Maboga nayo ni hivyo hivyo.

Parachichi. Siku hizi wakulima wengi wa mkoa wetu wamepanda miparachichi ya kuuza nje. Tunda lililochubuka au lililo dogo hukataliwa na mnunuzi. Halina kasoro ya chakula. Makande yenye kipande cha parachichi yana mafuta mazuri, na watoto huyapenda.

Dagaa. Kilo 4 za dagaa wakavu zinatosha wanafunzi 400 kwa siku moja, gramu 10 kila mmoja. Mtoto amtafune dagaa pamoja na mifupa yake, kwa sababu chokaa imo humo. Ikiwezekana mara moja kwa wiki, inatosha kuanzia.

Matunda yenye vitamini C, kama papai, pera, chungwa na limau. Matunda haya yana kazi maalumu. Yakiliwa pamoja na maharage na mboga, yanausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai hufanya kinyume. Kwa hiyo watoto wasinywe chai pamoja na chakula hicho.

Chumvi yenye madini joto. Zamani watu wengi wa nyanda za juu waliugua rovu, yaani uvimbe wa shingo. Sababu ilikuwa kukosa madini joto. Ukosefu huo hudumaza akili ya mtoto pia. Nunua chumvi ya pakiti yenye maandishi ya madini joto. Wewe sasa unajua kusoma. Soma pakiti kabla ya kulipa. Ihifadhi chumvi kwenye chombo chenye mfuniko.

RATIBA YA WIKI MOJA

Huu ni mfano. Kila shule ibadilishe kulingana na msimu.

Jumatatu: makande, mboga za majani, kipande cha papai.
Jumanne: ugali wa dona, maharage, mchicha.
Jumatano: ugali wa dona, dagaa, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga.
Alhamisi: makande, parachichi.
Ijumaa: viazi lishe, maharage, mboga za majani.

Ikiwezekana kuwe na uji wa asubuhi, hasa kwa watoto wa madarasa ya chini.

DONA NA SUMU KUVU

Mahindi yakikobolewa, kiini na ngozi ya nje huondoka. Huko ndiko vilipo vitamini, madini na mafuta mengi ya punje. Tena unapoteza uzito. Gunia la kilo 100 huweza kutoa sembe kilo 70 mpaka 80 tu. Shule ikisaga dona, inalisha watoto wengi zaidi kwa mahindi yale yale.

Lakini sikia onyo. Dona inataka mahindi safi. Mahindi yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa mabichi huota ukungu. Ukungu mwingine hutoa sumu kuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Huharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Basi tusipeleke shuleni mahindi yaliyooza ati kwa kuwa ni ya mchango. Mahindi usiyoweza kumpa mgeni wako, usimpe mwanao.

Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kisha yapime hivi. Chukua chupa kavu ya kioo. Tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Anika tena. Chumvi isipoganda, yameshakauka. Ondoa punje zilizooza, zilizovunjika na zenye rangi mbaya. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja.

Dona haikai muda mrefu, kwa sababu ina mafuta. Saga ya wiki moja au mbili tu.

JIKONI

Maharage yalowekwe usiku kucha. Yakilowekwa huiva upesi na kuni hupungua. Jambo hili si dogo. Kuni na maji ya shule mara nyingi hubebwa na akina mama na wasichana. Jiko banifu likijengwa, mzigo wao unapungua. Akina baba wenye mikokoteni na pikipiki nao wanaweza kuleta kuni na maji.

Maharage yachemke sana mpaka yaive kabisa. Maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo. Soya nayo isitiwe kwenye uji ikiwa mbichi. Ichemshwe au ikaangwe kwanza.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, si baada ya kukatwa. Zipikwe kwa muda mfupi. Watoto wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula. Tumbo linaloharisha halifaidi chakula hata kikiwa kizuri namna gani.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Kazi hii si ngeni. Miaka ya 1980 mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango wa lishe uliosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Ulianza katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto wadogo walipimwa uzito mbele ya wanakijiji. Kisha kamati ya kijiji iliuliza: kwa nini mtoto huyu amepungua? Tuna nini cha kufanya? Walipima, wakatafuta sababu, wakatenda, kisha wakapima tena. Mwanzoni zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito pungufu. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wamepungua hadi chini ya 40 kati ya 100.

Ni kweli kwamba mkoa huo bado una udumavu mwingi leo. Hilo nalo ni fundisho. Kazi ya lishe haiishi kwa kampeni moja. Kila mwaka kuna watoto wapya.

Mbali nasi, nchini Japani, chakula cha shule kilianza mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka. Shule moja iliyokuwa kwenye hekalu iliwapa watoto wa maskini wali, samaki na mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi. Angalia sahani hiyo ya kwanza. Wale maskini hawakupewa wali mtupu. Mwaka 1954 nchi hiyo ilitunga sheria ya chakula cha shule.

MTOTO ASIYECHANGIWA

Sasa tuzungumze jambo zito. Katika kila kijiji kuna mtoto anayelelewa na bibi mzee. Kuna mjane. Kuna baba mgonjwa. Kuna pia baba mwenye uwezo ambaye hataki tu kutoa.

Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za Serikali. Wazazi wanaweza kukubaliana kwa hiari na kuchangia kwa utaratibu uliowekwa. Lakini mtoto asirudishwe nyumbani, wala asinyimwe masomo, kwa sababu ya mchango. Mchango wa chakula usiwe fimbo ya kumchapia mtoto.

Na sahani je? Mtoto anayesimama kando akiwatazama wenzake wakila hawezi kulisahau jambo hilo. Wengine huacha shule kwa aibu. Kwa hiyo mkutano uamue mapema. Asiye na maharage alete kuni, au achote maji, au apalilie shamba la shule. Asiyeweza hata hayo, kijiji kimbebe. Katika shule ya watoto 400, kuwabeba watoto 20 ni kuongeza maharage nusu kilo hivi kwa kila mtoto anayechangiwa kwa mwaka mzima. Nusu kilo haimshindi mtu. Baba mwenye uwezo anayekataa, wazee wazungumze naye nyumbani kwake. Mtoto wake ale.

DAFTARI LA STOO

Sababu nyingine inayowafanya wazazi wasite ni mashaka. Wanauliza, "Chakula tulichotoa kimekwenda wapi?" Wana haki ya kuuliza.

Kila shule iwe na kamati ya chakula yenye wazazi, walimu na wanafunzi. Stoo iwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja awe nao mwalimu, wa pili awe nao mzazi. Na kila siku maandishi yabandikwe ukutani mahali pa wazi, hivi:

Mahindi. Yaliyokuwapo: kilo 960. Yaliyopikwa leo: kilo 48. Yaliyobaki: kilo 912.
Maharage. Yaliyokuwapo: kilo 320. Yaliyopikwa leo: kilo 16. Yaliyobaki: kilo 304.
Waliokula leo: 400.

Wewe ndugu uliyejifunza kusoma na kuhesabu ukubwani, hii ni kazi yako. Ukipita shuleni, simama usome. Toa 48 katika 960. Je, jibu ni sahihi? Gawanya maharage kwa watoto. Je, kila mmoja amepata gramu 40? Hesabu ikiwa sawa, waambie jirani zako, nao watatoa kwa moyo. Hesabu isipokuwa sawa, uliza kwenye mkutano kwa adabu na bila woga. Chakula cha watoto hulindwa na macho ya watu wengi.

TUANZE WAPI?

Tusingoje mambo yote sita yakamilike. Shule inayopika mahindi matupu ianze na maharage, kipimo cha tatu kwa moja. Muhula unaofuata iongeze mboga. Kisha ipande mipapai na miparachichi. Kisha itafute dagaa wa mara moja kwa wiki. Hatua moja kila muhula ni mwendo mzuri.

Mvua za kupanda zitakapokuja, chukua jembe. Tembea hatua 11, geuka, tembea hatua 11. Panda maharage ya mtoto kwanza, ndipo upande ya soko.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Chakula cha shule yetu kina makundi mangapi kati ya sita?
2. Una watoto wangapi shuleni? Wanahitaji kilo ngapi za maharage kwa mwaka?
3. Nani hubeba kuni na maji ya shule yetu? Tunaweza kumpunguziaje mzigo?
4. Kijiji chetu kitafanya nini kwa mtoto ambaye mzazi wake hana cha kutoa?
5. Daftari la stoo la shule yetu liko wapi? Nani aliyelisoma mara ya mwisho?